Samani za Shangazi na Karakana Isiyo na Bango: Tathmini ya Huduma ya Kuondoa Vyombo Vikuukuu Sinza

Karakana ninayoitathmini hapa haina bango wala jina lililoandikwa popote. Iko Sinza, jijini Dar es Salaam, nyuma ya safu ya maduka, chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, na wakazi humwelekeza mgeni kwa kumwambia aulizie "kwa mafundi wa vitu vya zamani". Kazi ya mafundi hao ni kununua au kupokea samani ambazo wenyewe hawazihitaji tena, kuzitengeneza na kuziuza upya, na pia, jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike, kuhakikisha kwamba kile kisichotengenezeka kinaishia mahali panapostahili. Nilifanya nao kazi kwa muda wa wiki tatu. Kabla yao nilitumia njia nyingine, na nitaieleza kwanza, kwa sababu bila hiyo msomaji hataona ni kwa nini ninaipa karakana hii sifa kubwa kiasi hiki pamoja na kasoro zake.

Shangazi yangu aliishi Sinza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanja vya eneo hilo vilipokuwa vimepimwa na kugawiwa wananchi wajenge wenyewe, na kwa zaidi ya miaka 40 nyumba yake ilipokea kila chombo kilichokosa pa kukaa katika ukoo wetu. Ndugu aliyehamia mkoani aliacha kabati, aliyefunga ndoa aliacha kitanda chake cha zamani, na shangazi hakumkatalia mtu. Alipofariki, na arobaini ilipokwisha, kikao cha familia kilinikabidhi mimi jukumu la kuondoa vyombo ili nyumba ipangishwe. Nilikuta kabati la nguo la mninga la milango mitatu, kitanda cha mbao cha futi 5 kwa 6, seti ya makochi yaliyolegea, meza ya kulia na viti vyake sita, kitanda cha chuma cha ghorofa walicholalia wajukuu, kabati la vyombo lenye vioo, meza ya televisheni na kabati dogo vilivyotengenezwa kwa ubao wa maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, na magodoro matatu ya sponji ambayo yalikuwa yamebonyea katikati kama sinia.

Nilianza na lile lililoonekana rahisi. Kijana mmoja mwenye guta alikuwa akipita mtaani, nikamwita, tukakubaliana kwa shilingi 30,000 abebe magodoro mawili na kochi moja lililokatika mbao, avipeleke dampo. Alivifunga kwa kamba, akaniaga kwa adabu, nami nikarudi ndani nikiamini kwamba kazi imeanza vizuri. Siku ya tatu yake, nilipokuwa nikivuka Mto Ng'ombe kwa miguu kuelekea Tandale, niliona godoro ukingoni, nusu majini, nusu kwenye tope. Lilikuwa na kiraka cha kitenge cha kijani ambacho shangazi alikishona kwa mkono wake pembeni. Sikuhitaji kukaribia zaidi ili kulitambua.

Nimelirudia tukio hilo akilini mara nyingi, na sina kinyongo na kijana yule kama nilivyo na majuto juu yangu mwenyewe, kwa sababu bei tuliyokubaliana ilikuwa tayari imenieleza ukweli wote, endapo ningeisikiliza. Taka za jiji hili zinapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo liko mbali kabisa, kupita uwanja wa ndege na kuendelea. Hakuna mtu anayeweza kutoka Sinza na guta, akakata jiji zima kwa mafuta yake, akashusha mzigo Pugu, akarudi, na kubaki na riziki yoyote katika shilingi 30,000. Niliponunua huduma kwa bei hiyo nilinunua ukingo wa mto, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Na ukingo wa mto si mahali pa mbali na watu. Mto Ng'ombe unapita katikati ya makazi, Sinza, Tandale, Mwananyamala, hadi unapomwagika katika Msimbazi, na kila anayeishi Dar es Salaam anajua Msimbazi unavyokuwa masika: barabara ya Jangwani hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitishwa, na kaya za bondeni hubeba watoto mabegani. Sponji ya godoro hunyonya maji hadi ikawa nzito kama mtu mzima, kisha hujikunja na kukwama kwenye mdomo wa kalavati, na hapo kila mfuko, kila tawi na kila chupa hupata pa kushikia. Nilimlipa kijana mwingine na mwenzake walitoe, nikasimama pale mpaka lilipotoka, nikalirudisha nyumbani likitiririka maji machafu. Lile godoro la pili na kochi sikuviona tena.

Jirani mmoja, mzee ninayemheshimu, alinishauri nichome moto vilivyobaki nyuma ya nyumba usiku. Nilimshukuru lakini sikukubali, na nadhani sababu inastahili kuelezwa kwa kuwa ushauri huu hutolewa kila mtaa. Sponji ya magodoro na makochi hutokana na mafuta ya petroli; inapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi na sianidi, sumu ambazo katika uwanja uliobanwa na nyumba huingia madirishani kwa watu waliolala. Ubao wa maranda nao umejaa gundi, na mbao zilizopakwa rangi au vanishi hazina nafuu. Gari la taka la mtaa, ambalo tunalilipia ada kila mwezi, lilipita siku mbili baadaye, na wafanyakazi wake walikagua godoro wakaniambia kuwa wao hubeba viroba tu. Sikuwalaumu, kwani gari lilikuwa limeshajaa hadi juu ya bodi, ingawa ninaona ni pengo kubwa kwamba mtaa wenye maelfu ya wakazi hauna hata siku moja ya mwezi iliyotengwa kwa ajili ya vyombo vikubwa, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu zote bila kubagua viroba na makochi.

Aliyenielekeza karakanani ni mama anayeuza chakula karibu na kituo cha daladala. Fundi mkuu, mtu wa makamo, alikuja nyumbani siku hiyohiyo jioni akiwa na tochi, bisibisi na kipande cha msasa, na kabla hajagusa chochote aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Dada, wenye mali wote wamekubali viuzwe?" Alitaka nimwoneshe muhtasari wa kikao cha familia, na akaomba mjumbe wa mtaa awepo siku ya kubeba. Baadaye alinieleza kwamba katika biashara hii mtu anaweza kununua kabati leo na kesho akafuatwa na askari kwa sababu mdogo wa muuzaji amelalamika, na kwamba yeye haingizi karakanani kitu kisichojulikana kilikotoka. Utaratibu huu ulinichelewesha siku mbili. Ninauhesabu kuwa fadhila, si kasoro, hasa kwa nyumba za misiba, ambako kiti kimoja kinaweza kuwagombanisha ndugu kwa miaka.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa somo. Kwa kabati la mninga hakutazama milango inayong'aa, bali alilivuta kutoka ukutani, akapiga msasa kidogo mgongoni mahali pasipoonekana, akanionesha rangi ya kahawia yenye wekundu ikitokeza chini ya uchafu wa miaka. Kisha akainama na kumulika miguu akitafuta unga laini, ambao ni dalili ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao, na akabonyeza kwa bisibisi pembe zote zilizogusa sakafu ili aone kama mchwa wameshaingia. Hawakuwa wameingia. Moyo wa mninga ni mgumu kwao, na hiyo ni sehemu ya heshima ambayo mti huu unayo katika nyumba zetu, pamoja na ukweli kwamba ukishakauka vizuri haujikunji wala kupasuka kwa urahisi. Alinieleza kwamba mbao iliyokaa ndani ya nyumba kwa miaka 30 imemaliza kuchezacheza, kwamba fundi wa Keko anayetengeneza kabati jipya leo angefurahi kuipata mbao kavu namna ile, na kwamba mninga unaotoka katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi unazidi kuwa wa bei kila mwaka. Aliposema hayo alikuwa bado hajanipa bei, na ninaamini mfanyabiashara anayekupa sababu za kumdai zaidi kabla ya kutaja kiwango chake anastahili kuaminiwa. Tulikubaliana shilingi 280,000 kwa kabati hilo peke yake.

Kwa kulinganisha, dalali aliyekuja wiki iliyotangulia alitaka kulipa shilingi 400,000 kwa vyote kwa pamoja. Ofa ya jumla namna hiyo humvutia mtu aliyechoka, lakini nilipomuuliza magodoro na meza ya televisheni vitakwenda wapi alijibu kwamba hayo nimwachie yeye. Jibu hilo nilikuwa nimeshaliona ukingoni mwa mto.

Fundi wa karakana alikwenda chombo kwa chombo. Kitanda cha mbao alikipa shilingi 90,000, chaga tatu zikiwa zimevunjika. Makochi aliyatoboa kitambaa chini, akaona fremu ni ya mbao ngumu lakini springi zimekufa na sponji imekuwa unga, akatoa shilingi 60,000 kwa yote, bei ambayo mpaka leo naiona ndogo, kwa kuwa yakishavalishwa kitambaa kipya huuzwa kwa mara kadhaa ya hapo. Yeye alijitetea kwamba sponji mpya, mikanda, kitambaa na siku za fundi wa makochi ndizo zinazokula faida, na sikuwa na namna ya kupima dai lake. Kabati la vyombo lilipata shilingi 70,000.

Meza ya televisheni na kabati dogo hakuvitaka kwa bei yoyote. Ubao wa maranda, alisema, ukishaingia maji huvimba na kumeguka kama mkate, na skrubu ikishatolewa tundu halishiki tena, hivyo chombo hicho hutengenezwa mara moja tu katika maisha yake. Nadhani wengi wetu tunaponunua samani hizi mpya, nyepesi na zenye kung'aa, hatufikirii kabisa kwamba tunanunua pia kazi ya kuzitupa baada ya miaka mitano. Hata hivyo hakuviacha: alichukua bawaba, vitasa, reli za droo na kioo, na akaniandikia katika daftari lake kwamba mabaki yataingia katika safari ya Pugu.

Safari ya Pugu ndiyo sehemu ya huduma hii ambayo sijaiona kwingine. Karakana hukusanya vitu visivyofaa kutoka nyumba mbalimbali mpaka vitoshe lori, kisha hukodi lori hilo na kugawa gharama kwa wenye vitu. Mimi nilitozwa shilingi 15,000 kwa kila godoro, na 10,000 kwa mabaki ya meza na kabati. Mteja anaruhusiwa kupanda gari akitaka. Asiyeweza hutumiwa picha za mzigo ukishushwa dampo. Ukijumlisha, nililipa kwa magodoro mawili na vipande vya mbao zaidi ya kile nilichomlipa kijana wa guta, na sijawahi kulipa fedha kwa moyo mweupe zaidi. Ninajua kwamba dampo si mwisho mwema wa kitu. Ni lundo la wazi, na waokotaji hufanya kazi juu yake katika mazingira magumu. Lakini baina ya lundo linalojulikana na mdomo wa kalavati lililo jirani na nyumba za watu, sina shaka ni wapi pa kuchagua.

Fundi alinieleza pia kwamba godoro lingekuwa kavu na safi asingelipeleka dampo. Sponji isiyo na kunguni hukatwakatwa vipande vidogo na kujazwa katika mito, na vipande vikubwa huwekwa chini ya viti vya mafundi wa makochi. Kunguni ndio wanaoharibu mpango mzima, kwa sababu godoro moja lenye kunguni likiingia karakanani linaweza kuambukiza kila kitanda kilichomo, na kupitia vitanda hivyo, nyumba za wateja. Kwa hiyo hukagua mishono yote kwa tochi, na akikuta doa dogo jeusi hukataa papo hapo. Mwenye godoro zuri anayetaka kumpa mtu mwingine anashauriwa aanze kwa kupulizia dawa, kulianika juani siku kadhaa huku akiligeuza, na kulikagua tena baada ya wiki mbili, kwani mayai huanguliwa baada ya dawa kukauka.

Vyombo viwili sikuviuza. Kitanda cha chuma cha ghorofa kingeweza kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hupima kwa kilo na hawaulizi hali ya rangi, lakini kilikuwa kizima, na ilionekana vibaya kukiyeyusha wakati kuna watoto wanaolala chini. Nilikwenda kwanza kwenye kituo cha kulelea watoto, mikono mitupu, nikauliza wanahitaji nini. Mlezi mkuu alinishukuru kwa kuuliza. Alisema watu huwaletea makochi yaliyochanika na kabati zisizo na milango, na kituo hakina pa kuviweka wala fedha ya kuvitupa. Kitanda alikipokea, na meza ya kulia pia, ila viti vinne tu kati ya sita, kwa sababu viwili vilikuwa vinayumba. Karakana ilivikaza viwili hivyo kwa gundi na vigingi bila kunitoza, na wiki iliyofuata navyo vikapelekwa.

Sasa kasoro, kwa maana zipo na mtu atakayewatumia anapaswa kuzijua. Hawana risiti, kila kitu kimo katika daftari, na nililazimika kupiga picha ya ukurasa wangu na kumwomba fundi na mjumbe waweke saini. Kwa familia inayopaswa kugawana mapato ya mirathi hili ni tatizo halisi. Hawana gari lao, hivyo kirikuu hukodiwa kwa gharama ya muuzaji, shilingi 20,000 kwa kila safari ndani ya Sinza, na hilo halisemwi mpaka siku ya kubeba. Waliahidi kuja Jumamosi wakaja Jumatano, na katika siku hizo nne mpangaji aliyekuwa amekwisha kulipa alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni. Mafundi vijana hupiga msasa bila barakoa, na vumbi la vanishi ya zamani si kitu cha kuvuta siku nzima. Nililisema hilo, nikaitikiwa kwa heshima, lakini nilipopita tena hapakuwa na mabadiliko.

Jambo lililonisumbua zaidi ni mabaki ya mbao. Yalikuwa yakitolewa bure kwa akina mama lishe wa jirani kama kuni, yakiwamo yale yaliyopakwa rangi na yale ya ubao wa maranda, ambayo moshi wake haupaswi kufika kwenye sufuria ya wali wa mtu. Fundi mkuu hakuwa amelifikiria. Tulizungumza kwa muda, na siku hiyohiyo aliagiza mbao tupu ziwekwe upande mmoja na zenye rangi upande wa pili, na nilipopita mara ya mwisho mafungu mawili yalikuwepo. Maranda ya mbao tupu huuzwa kwa wafugaji wa kuku kwa ajili ya kutandika bandani, na hayo walikuwa wameyatenga tangu awali.

Atakayekwenda kwao ajiandae mapema kidogo. Atoe kila kitu kwenye droo na kupapasa chini ya karatasi zilizotandikwa humo. Mimi nilikuta picha za harusi ya wazazi wangu na hati ya kiwanja. Apige picha za kila chombo kabla ya kuita mnunuzi yeyote. Asivunje kitanda mwenyewe kwa nyundo, kwani viungo vya zamani hupasuka na bei hushuka. Awe na wiki mbili za nafasi, maana huduma hii haimfai mwenye haraka, wala anayekaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, kwa kuwa wabebaji ni wawili tu. Na ajibu mapema swali ambalo fundi humuuliza kila mteja kabla ya kuondoka: "Nikifika nikakuta haiponi, nikupigie au niamue mwenyewe?" Mimi nilimwambia anipigie, na alinipigia mara mbili.

Lori la Pugu liliondoka siku ya Jumanne. Sikuweza kwenda nalo. Saa kumi jioni nilipokea picha tatu kwenye simu: ya kwanza ni lori likiwa limefungwa turubai, ya pili ni lango la dampo, na ya tatu ni magodoro yakishushwa, na katika moja lao, upande wa juu, kiraka cha kitenge cha kijani kilionekana wazi.